Kuosha baiskeli nyumbani bila kuua beringi na breki: utaratibu ukoje?

mwendo_pole

Habari za saa hizi wakuu. Naomba muongozo wa kuosha baiskeli nyumbani, hatua kwa hatua, kwa wanaoijua kazi hii.

Nina baiskeli mbili. Moja ni ya gia, mtumba, 3 mbele na 7 nyuma, fremu ya alumini, shokapu mbele, breki za diski za kuvutwa na waya. Ya pili ni Phoenix ya mzee, breki za vyuma, inabeba madumu ya maji na magunia. Zote zilikuwa zinapelekwa kwenye sehemu ya kuoshea magari, zinapigwa mashine ya presha, halafu zinapuliziwa dizeli chini na kupakwa ile dawa ya kung'arisha matairi. Sasa ya gia inalia "kwe, kwe" ukikanyaga pedeli kwa nguvu, na breki ya nyuma inapiga yowe na haishiki sawasawa. Phoenix pedeli zimekuwa nzito na zinasaga.

Sabuni ipi inafaa, ya unga au ya maji? Cheni ioshwe kwa mafuta ya taa au petroli? Oili chafu ya gari inafaa kupaka baada ya kuosha? Na maji: tupo Kigamboni, kisima chetu kina chumvi, maji ya bomba ni ya mgawo, kwa hiyo siwezi kumwaga ndoo kumi kwa baiskeli moja. Hiyo ya gia huwa inapita ufukweni pia, maji yakikupwa.

---

Spana15

Mkuu, presha ndiyo iliyokuharibia. Beringi za habu (kitovu cha gurudumu), za ekseli ya pedeli na za shingo ya usukani zimezibwa kwa vimpira vyembamba au vifuniko vya bati tu. Vinazuia vumbi na mvua ya kawaida. Mashine ya presha ikielekezwa ubavuni, maji yanapenya, yanasukuma grisi nje, kisha yanabaki humo humo kwa sababu hayana pa kutokea. Nje baiskeli inang'aa, ndani gololi zinaota kutu. Hata beringi zilizoandikwa 2RS, zenye mpira pande zote mbili, haziponi.

Maji yamwagike kutoka juu kwenda chini, polepole. Chupa ya lita 1.5 inatosha: toboa kifuniko matundu 6 au 7 kwa msumari uliopashwa moto, jaza maji, igeuze na uiminye. Ukitumia mpira wa bomba, bana mdomo utoe manyunyu na simama mbele au nyuma ya baiskeli, usisimame ubavuni ukalenga katikati ya gurudumu. Kwa mtindo huu ndoo 2 za lita 10 zinatosha baiskeli moja hata ikiwa na tope: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia.

Sabuni: ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko 1 cha chakula (kama ml 15) kwa lita 10. Ukizidisha hupati usafi zaidi, unapata povu la kusuuza na maji huna. Sabuni ya unga ni kali, ikikaukia kwenye alumini inaacha madoa ya kijivu; ukikosa nyingine, iyeyushe kabisa kwanza na suuza upesi. Jiki isiguse baiskeli. Dawa ya choo, maji ya betri na siki kwenye cheni ni hatari kabisa, kwa sababu asidi inakifanya chuma kigumu cha cheni kuwa na nyufa usizoziona, na cheni inaweza kukatika umesimama juu ya pedeli.

Andaa pia sponji au dodoki laini kwa fremu, brashi ya kufulia kwa matairi, miswaki 2 ya zamani, na matambara ya fulana kuukuu. Vifaa vya cheni vikae peke yake na visirudi kwenye kitu kingine. Tambara lililofuta cheni likigusa diski au rimu, umeshaharibu breki.

Osha kivulini. Juani sabuni inakauka kabla hujasuuza. Usiigeuze magurudumu juu, maana maji ya sabuni yanaingia shingoni kutoka chini na kujaa kwenye sponji ya kiti. Funga kamba kwenye boriti au tawi, tundika pua ya kiti, gurudumu la nyuma liwe juu ya ardhi kama cm 20 ili uweze kuzungusha pedeli. Kiti kikiwa kimechanika, kivike mfuko wa plastiki.

Anza na cheni na sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni), kwa kuwa uchafu wake ndio unaoruka kila mahali. Kwanza vika diski ya nyuma mfuko wa plastiki na uubane kwa raba. Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa (ml 50 hadi 100 kwenye kopo zinatosha, usimimine juu ya cheni), sugua cheni juu, chini na kila ubavu huku ukizungusha pedeli kinyumenyume taratibu. Kwenye sproketi za nyuma, inamisha baiskeli kidogo upande wa cheni ili mafuta yachuruzike nje. Ukiinamisha upande wa pili yanaingia kwenye friwili (inayoliacha gurudumu lizunguke bila kupiga pedeli) na habu na kuyeyusha grisi. Vile vigurudumu viwili vidogo vya mashine ya gia ya nyuma hubeba ukoko mweusi mgumu. Ukwangue kwa kijiti cha mbao kabla ya kupiga mswaki. Halafu, hapa wengi wanaruka, sugua tena cheni yote kwa maji ya sabuni na suuza. Mafuta ya taa yakibaki ndani ya rola (vile vipipa vidogo katikati ya cheni) yataifanya oili mpya kuwa nyepesi na haitakaa.

Petroli hapana. Mvuke wake unatambaa chini na kufuata jiko au kiberiti kilicho mbali, na inakausha ngozi. Hata mafuta ya taa yatumie nje, mbali na jiko la mkaa. Ukimaliza usimwage: yaache kwenye chupa yatulie siku 1, masizi yatakaa chini, ya juu utayatumia tena.

Baada ya cheni, lowesha fremu yote kwa chupa ile na subiri dakika 2 au 3 mchanga ulainike. Ukianza kusugua ikiwa kavu, mchanga unakwaruza rangi. Kisha sponji: usukani, kiti, bomba la juu, la chini, uma, na chini ya ekseli ya pedeli ambako tope hujificha. Matairi na rimu mwisho. Pale chini ya ekseli ya pedeli fremu nyingi zina tundu dogo la kutolea maji. Lizibue kwa njiti ya kiberiti. Likiziba, maji yanayoshuka kupitia bomba la kiti yanakaa juu ya beringi.

Shokapu: futa ile miguu inayong'aa kwa tambara lenye maji ya sabuni, zungushia tambara pale inapoingia kwenye mpira, basi. Mafuta ya taa hayafiki hapo.

Kukausha ni nusu ya kazi. Inyanyue baiskeli na uidondoshe kutoka cm 5 mara kadhaa maji yadondoke, futa kila kitu kwa tambara kavu, bana cheni ndani ya tambara na uizungushe pedeli kinyumenyume mpaka tambara litoke bila maji. Iache juani dakika 20 hadi 30. Usiiache hadi kesho, kwa sababu cheni iliyoondolewa oili huanza kutu ya rangi ya chungwa ndani ya saa chache, na pwani ni upesi zaidi.

Oili: tone 1 kwenye kila rola, sehemu ya cheni ya chini, upande wa ndani wa mzunguko. Bomba la sindano la ml 5 kutoka duka la dawa, bila sindano, ndiyo kifaa bora. Cheni ya gia 21 ina vipande karibu 110, na ml 3 hadi 5 zinaitosha yote. Zungusha pedeli kinyumenyume mizunguko 20, subiri dakika 10 ipenye, kisha futa nje ya cheni ibaki kama kavu. Oili inayohitajika ipo ndani ya rola na pini. Inayobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga.

Oili chafu ya gari usipake. Ina masizi na unga wa chuma kutoka injini, kwa hiyo unaipaka cheni msasa, na ikigusa ngozi kila siku si salama. Oili mpya ya injini ukiipaka kidogo na kuifuta vizuri inafanya kazi. Ya cherehani ni nyepesi, inaingia vizuri lakini haidumu hasa kukiwa na mvua. Ya kupikia inaganda kama gundi. Grisi juu ya cheni haiingii ndani kabisa.

Mwisho, vidole. Usibane tambara kwenye sproketi huku gurudumu linakimbia, na watoto wasikae karibu pedeli zikizunguka. Diski nayo inakata.

---

pedi_kavu

Naongezea kwenye breki ya diski, hapo Spana15 amepita haraka.

Diski iliyolowa maji hulia, hiyo ni kawaida. Ukibana breki mara 8 au 10 inakauka na kunyamaza. Yako haijanyamaza na haishiki, maana yake imeingiwa na mafuta, na dizeli ya kupulizia uliyoitaja inatosha kuwa sababu. Pedi nyingi za bei ya kawaida zina matundu madogo, zinafyonza mafuta.

Fanya hivi. Toa gurudumu la nyuma, toa pedi. Futa diski pande zote kwa tambara jipya lenye spiriti safi, ya isopropili ya asilimia 70 kwenda juu, geuza upande safi wa tambara kila mzunguko, rudia mpaka litoke jeupe. Angalia chupa: spiriti nyingine za kusafishia vidonda huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na hizo zinaacha utando uleule unaoukimbia. Ukikosa spiriti, maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza sana, kausha kwa tambara safi. Ukimaliza, shika diski kwa pembeni tu, vidole vina mafuta.

Pedi zisugue kwenye msasa namba 120 uliolazwa juu ya kigae au kioo, ukizungusha kama namba 8, mpaka ule mng'ao uondoke. Zikikauka na bado zinaonekana na doa jeusi la unyevunyevu, nunua mpya. Kuna mafundi wanazichoma motoni ili mafuta yatoke. Mafuta ya juu yanatoka, ya ndani yanarudi ukishaanza kubana breki, na gundi inayoshika pedi kwenye bati inaweza kuachia. Pedi ikiachia bati lake mteremkoni hakuna breki tena. Pia kama unene wa pedi umebaki chini ya mm 1, usihangaike kuisafisha.

Zikirudi, zizoeshe: kimbia kama km 20 kwa saa, bana breki hiyo moja hadi mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, achia. Mara 20. Kabla ya hapo usiingie barabara kubwa.

Kwa wenye diski za mafuta ya haidroliki wanaosoma hapa: msibane mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Pistoni zinatoka na kusogeleana, gurudumu halitaingia. Weka kipande cha boksi katikati.

Na ile dawa ya kung'arisha matairi ioshe yote leo kwa brashi na sabuni. Tairi la gari linapakwa ubavuni na gari halilali kwenye kona. Baiskeli inalala, na huo ubavu ndio unaogusa lami.

---

gololi_kumi_na_moja

Phoenix ni kazi nyingine, wakuu msiichanganye na hiyo ya gia. Ina faida yake: kila kitu kinafunguka. Na hasara yake ni hiyohiyo, maji yanaingia kirahisi.

Breki za vyuma hazibani ubavu wa rimu. Raba zinavutwa juu zikakamata sehemu ya ndani ya rimu, ile inayotazama habu, pembeni mwa spoku. Watu wanaosha nje ya rimu ikang'aa na huku ndani kuna utando wa oili na vumbi, halafu wanalaumu raba. Osha ndani kwa sabuni, kausha, zisugue raba kidogo kwa msasa, chomoa vipande vya mawe vilivyojichimbia humo kwa ncha ya kisu. Viungo vya vyuma vya breki vipe tone 1 kila kimoja, futa palepale. Oili ikichuruzika hadi kwenye rimu, breki ya Phoenix ambayo hata ikiwa kavu si kali, inakuwa pambo.

Kutu kwenye usukani na rimu za kromu: kunja karatasi ya foili ya jikoni, ichovye maji, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, na inaondoa kutu ya juu vizuri kuliko nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Kausha na upitishe tambara lenye oili kidogo kwenye usukani. Kwenye rimu usipake oili.

Baiskeli nyingi za aina hii zina tundu dogo la oili katikati ya habu lenye kifuniko cha springi, na jingine kwenye bomba la ekseli ya pedeli. Likiachwa wazi wakati wa kuosha, umefungulia maji mlango. Zungusha kifuniko kifunge kwanza, osha, kausha, ndipo ufungue na kutia matone 5 au 6 ya oili mpya.

Kuhusu pedeli nzito inayosaga: hiyo haitaponywa na oili kwenye tundu. Ukitia oili itanyamaza wiki, kutu inaendelea. Ifunguliwe. Mikono ya pedeli imeshikwa na kotapini (pini ya chuma yenye nati, inayopita kwenye mkono wa pedeli na kuubana kwenye ekseli). Legeza nati hadi iwe sawa na ncha ya pini (usiitoe, ncha itapinda), egemeza mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba kilichosimama sakafuni, gonga nati kwa nyundo mara moja ya nguvu. Kugonga bila egemeo kunatia makovu kwenye vikombe vya beringi. Kikombe cha upande wa cheni kiache, fungua cha upande wa kushoto chenye ringi ya kufungia. Tandaza gazeti chini, gololi zitaanguka.

Kawaida ni gololi 11 za robo inchi kila upande. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, angalia njia ya gololi kwenye ekseli na vikombe. Ikiwa laini na inang'aa, safi. Ikiwa na vishimo unavyovisikia kwa ukucha, ekseli ibadilishwe. Gololi nunua mpya zote 22, usichanganye na za zamani hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu zilizolika ni ndogo kidogo na mpya zitabeba mzigo wote peke yake. Jaza grisi kwenye kikombe, panga gololi, rudisha. Kaza kikombe kwa mkono hadi kisimame, kisha rudisha nyuma kidogo: ekseli izunguke bila kukwaruza na isiyumbe. Shikilia kikombe wakati unakaza ringi, maana huwa kinajikaza nayo.

Ukiwa umeshafungua, fanya na habu. Mbele huwa gololi 10 za 3/16 kila upande, nyuma 9 za robo inchi. Beba moja ya zamani dukani uilinganishe, si kila toleo ni sawa. Na ukirudisha gurudumu la nyuma, cheni ichezecheze kati ya cm 1 na 1.5 katikati. Ile klipu ya kufungia cheni, upande wake uliozibika uelekee mbele cheni ikiwa juu. Ukiigeuza, kitu chochote kinachoigusa kitaisukuma itoke.

---

mwendo_pole

Shukrani sana wakuu, haya ndiyo nilikuwa nayatafuta. Mawili yamebaki. Maji ya kisima yenye chumvi naweza kuyatumia au niache kabisa? Na ile sauti ya "kwe, kwe" nitajuaje kama ni beringi au ni kitu kingine, kabla sijampelekea fundi akabadilisha kila kitu?

---

pwani_ya_kutu

Kwenye maji: ya kisima tumia mwanzoni kuondoa tope na kuosha kwa sabuni, ya bomba weka akiba ya kusuuzia. Lita 5 za maji yasiyo na chumvi kwa ile chupa yenye matundu zinasuuza baiskeli nzima. Ukimalizia na ya chumvi, maji yanakauka na chumvi inabaki kwenye maungio, ambako itavuta unyevu wa usiku na kuanza upya kila siku. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni mazuri sana kwa kusuuza.

Ufukweni ni habari kubwa zaidi. Baiskeli iliyopita kwenye mchanga wa maji ya bahari isuuzwe siku hiyohiyo, hata kama haionekani chafu. Usianze kwa kufuta, mchanga wa pwani ni mkali, mwagia maji kwanza. Sehemu zinazoliwa kimyakimya ni tatu.

Vichwa vya spoku pale vinapoingia kwenye rimu: chumvi inakaa ndani ya rimu, vichwa vinashikana na spoku, siku ya kunyoosha gurudumu spoku zinakatika badala ya kuzunguka. Baada ya kusuuza tia tone dogo la oili kwenye kila kichwa, kwa kila miezi 2 au 3, na funika diski au rimu usije ukaichafua.

Bomba la kiti: chuma na alumini vikikutana kwenye maji ya chumvi vinakulana na kushikana. Weka alama kwa utepe kwenye urefu wako, toa bomba lote, futa, paka grisi nyembamba, rudisha. Kila miezi 3 ukiwa pwani. Likishaganda kabisa huwa ni msumeno.

Waya za breki na gia ndani ya maganda yake: mkono wa breki ukiwa mzito kurudi, chumvi imeshaingia. Chomoa ganda kwenye vishikio vyake, telezesha, futa waya kwa tambara lenye oili nyepesi, rudisha. Waya ikiwa imeanza kuchanuka nyuzi, badilisha, ni bei ndogo.

Jambo jingine, na hapa natofautiana kidogo na Spana15: si kila uoshaji unahitaji mafuta ya taa. Yakitumika kila wiki yatafika tu kwenye beringi hata uwe mwangalifu vipi. Kila wiki futa cheni kwa tambara lenye oili kidogo, tia oili, futa tena. Mafuta ya taa yabaki kwa siku cheni imekuwa na ukoko mweusi, au imeanza kukwaruza ukiizungusha.

---

Spana15

Nakubaliana na hilo la kila wiki.

Kuhusu sauti, ipime kwa kuondoa kimoja kimoja. Panda, kimbia, acha kupiga pedeli. Sauti ikiendelea, tafuta kwenye magurudumu. Ikikata, iko kwenye pedeli, ekseli, cheni au kiti. Sasa piga pedeli ukiwa umesimama bila kugusa kiti. Ikipotea, ni bomba la kiti au boliti zake, dawa yake ni kufuta na kupaka grisi kama alivyoeleza pwani_ya_kutu. Ikibaki na inatokea mara 1 kwa kila mzunguko, mahali palepale, anza na kitu rahisi kuliko vyote: pedeli zenyewe. Maji ya presha huosha grisi kwenye uzi wa pedeli na unalia hivyohivyo. Spana 15. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa, ya kushoto inafunguka kwa mwelekeo wa saa, wengi wamevunja uzi hapo. Futa uzi, paka grisi, kaza.

Kama bado, ishushe cheni kutoka kwenye sproketi za mbele, uilaze kwenye fremu, zungusha mikono ya pedeli kwa kidole. Weka mkono mwingine kwenye bomba la fremu karibu na ekseli. Ukisikia mtetemo wa mchanga, au inasimama yenyewe mapema, beringi imeingiwa. Kisha shika mkono wa pedeli karibu na ncha, uvute na kuusukuma kuelekea fremu: ikicheza, kagua kwanza kama boliti ya mkono wa pedeli imelegea, na uikaze. Ikiwa imekaza na bado inacheza, ni ekseli. Kwenye gia 21 za mtumba mara nyingi utakuta kasha zima lililofungwa, hilo halitiwi grisi, linabadilishwa. Kabla ya kulipa, mwambie fundi akutolee la zamani usome vipimo vilivyoandikwa juu yake, upana wa kasha na urefu wa ekseli kwa milimita, mfano 68 na 122.5, ununue hilohilo. Ekseli ikiwa fupi kwa milimita chache tu, sproketi ndogo ya mbele itagusa fremu.

Ukiwa hapo pima na cheni. Kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 inayofuata, cheni mpya inasoma mm 304.8. Ikisoma 306.5, badilisha cheni peke yake. Ukiiacha ifike 308 utalipia na sproketi za nyuma, kwa kuwa meno yatakuwa yameshalika kufuata cheni ya zamani, na cheni mpya itaruka ukikanyaga kwa nguvu. Hiyo nayo hutoa mlio ambao watu wanaubebesha beringi.